Mpunga Wenye Mimba Hauhamishwi

Naomba nikiri mapema kabla sijasingiziwa zaidi: aliyeng'oa mpunga wa shule ni mimi. Si ng'ombe, si mafuriko, wala si mkuu wa shule, ingawa yeye ndiye aliyeshika kamba ya kunyooshea mistari. Ni mimi, mwalimu wa taaluma, mtoto wa Ifakara, niliyezaliwa na mama aliyelima mpunga mpaka wiki ya kuingia leba. Wenzangu wakitaka kunichokoza hadi leo hunisalimia, "Madam, hujambo na mimba?" Mimi huwajibu vibaya, na hawakomi.

Shule yetu ni sekondari ya kata, mbele kidogo ya Mchombe ukielekea Mlimba. Mwaka huo tulikuwa na darasa moja la mkondo wa amali, fani ya kilimo, wanafunzi thelathini na mmoja wa kidato cha pili. Tulikuwa tumeruhusiwa kuanza kwa muda tu. Barua ikaja katikati ya masika: baada ya wiki mbili wathibiti ubora watafika kupima kama shule iko tayari kufundisha fani hiyo, na kama wanafunzi wenyewe wanaelekea kuwa watu wa kazi. Zamani tuliwaita wakaguzi. Jina limebadilika, tumbo linauma vilevile.

Mkuu aliisoma barua mara mbili kwenye kikao, ya pili kwa sauti ya msibani. Tukishindwa, darasa lingevunjwa na wanafunzi wangehamishiwa shule ya bweni upande wa Malinyi. Kwa watoto wengi huo ulikuwa usumbufu: sanduku, godoro, ndoo, kwaheri mama. Kwa mmoja ulikuwa mwisho wa shule.

Huyo mmoja alikuwa msichana wa dawati la nyuma, mwembamba, mkimya, sweta lake limefumuka kiwiko. Aliishi na bibi yake mzaa mama, wawili tu nyumbani, na bibi mwenyewe nyonga zilikuwa zimemchoka. Maji, kuni, chakula, vyote vilikuwa vya mjukuu. Siku barua ilipobandikwa ubaoni alinifuata ofisini akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Madam, wakikataa, mimi Malinyi siendi."

"Kwa nini usiende?"

"Bibi nitamwacha na nani?"

Nikamwambia asituletee uchuro, hakuna atakayekataa, arudi darasani. Lakini alipoondoka sikuweza kuendelea kusahihisha. Niliumia. Nilimjua mtoto yule, na nilijua akiacha shule hatarudi tena. Nikajiapiza kwamba shule hii itapita hata ikibidi niibebe mgongoni. Tabu yangu ni kwamba nikishaapa, huwa siulizi tena njia.

Kama hujawahi kuona shule ya kijijini inajiandaa kukaguliwa, umekosa sinema. Mawe yote ya kando ya njia yalipakwa chokaa, pamoja na kuku mmoja wa mlinzi aliyekuwa na bahati mbaya ya kupita. Sanduku la maoni lilikuwa halijawahi kufunguliwa tangu litundikwe, na ufunguo ulishapotea, kwa hiyo tulilivunja. Ndani tulikuta nyigu, na karatasi moja iliyoandikwa neno moja tu: "Choo." Mkuu aliisoma, akaikunja vizuri, akasema maoni yamepokelewa. Choo cha wanafunzi kilipigwa deki siku hiyo mpaka kikashangaa.

Mafaili yalikuwa kazi yangu. Niliandika mihutasari ya vikao vya kamati ya amali ambavyo havijawahi kukaliwa, kwa kalamu tofauti tofauti, na mmoja nikaumwagia chai kidogo ili uonekane umetumika. Kwenye kikao cha tatu niliandika kwamba mjumbe mmoja ameomba udhuru kwa sababu ya malaria. Kwa bonde hili, hiyo hata mthibiti awe mkali vipi hawezi kuibishia.

Halafu kulikuwa na fomu za utayari wa kazi, moja kwa kila mwanafunzi. Anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa? Anaweza kutunza kumbukumbu za kazi yake? Anaweza kumshauri msimamizi wake anapokosea? Fomu zote thelathini na moja nilizijaza mchana mmoja huku nakula karanga. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kwa mkono ule ningeweza kumfaulisha hata yule kuku wa chokaa.

Likabaki shamba darasa, kipande cha robo eka nyuma ya karakana. Hapa lazima nieleze jambo langu mwenyewe, maana bila hilo hamtanielewa. Mimi tope siingii. Mama yangu alikufa na miguu iliyopasuka visigino, kucha za vidole gumba zimeoza kwa maji ya majaruba, na mimi nilisoma ili nisije nikawa na miguu ile. Eka yangu moja ninayo, ng'ambo ya mfereji wa shule, lakini inalimwa na vibarua. Mimi napita kando na mwavuli, natoa maelekezo. Ndivyo nilivyowasimamia hata wanafunzi mwezi wa kwanza walipopandikiza mpunga wa shule. Kitabu mkono wa kushoto, mwavuli mkono wa kulia, sauti juu.

Siku ile ya kupandikiza, bibi wa yule msichana alikuwa anapita kwenda shambani kwake. Alisimama kando na fimbo yake, akavuta ugoro, akatutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mwalimu," akasema, "miche hii imezeeka kitaluni. Tena mnaishindilia kama mnazika mtu."

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Ahsante sana kwa ushauri, lakini sisi tunafuata mtaala."

"Mtaala," akasema, kama mtu anayeonja chumvi. Nikampeleka kwa adabu zote ofisini akatie dole gumba kwenye kitabu cha wageni, maana utaratibu ni utaratibu, na kwenye safu ya madhumuni ya ziara nikamwandikia, "Kusalimia." Aliniuliza nimeandika nini. Nilipomsomea, akacheka mpaka akakohoa, akaenda zake.

Mwezi wa tatu ng'ombe waliingia. Kundi lilikuwa linapita tu, lakini ng'ombe hajui shamba darasa ni nini. Waliula mpunga wa shule mpaka ukabaki kimo cha kifundo cha mguu, na tangu siku hiyo mimi sikulitazama tena shamba lile. Nilikasirika, nikalifuta moyoni. Yule msichana ndiye aliyekuwa anachuchumaa kule kila asubuhi kabla ya mstarini, na rula na daftari. Nilidhani anakwepa kufagia. Mara mbili nilimwadhibu kwa kumtuma maji.

Siku mbili kabla ya ugeni, mkuu akanipeleka nyuma ya karakana.

"Madam, hii ni nini?"

"Mpunga, mkuu."

Mkuu wetu ni mtu wa milimani, kwao ni ndizi. Mpunga anaufahamu ukishafika kwenye sahani. "Mbona umekaa kama kichwa kilichonyolewa na mtoto?"

Kweli ulikuwa hivyo. Hapa kirefu, hapa kifupi, hapa hakuna kitu, mashina yameotea kila moja kwa wakati wake. Nikaangalia ng'ambo ya mfereji. Eka yangu ilikuwa imesimama, kijani kibichi, usawa mmoja, mpunga umebeba mimba na karibu kuchanua. Wazo likanijia hapo hapo, na nikalipenda kwa sababu lilikuwa langu.

"Mkuu, tuuhamishe ule tuulete hapa."

"Inawezekana?"

"Mkuu! Sisi watu wa bonde hili tunapandikiza kabla hatujajua kutembea."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Nikiyakumbuka nikiwa peke yangu jikoni, huwa nasonya kwa sauti.

Kesho yake jioni nikaliita darasa zima. Kwanza nikaamuru wang'oe kila kilichokuwa kwenye shamba la shule. Wote wakainama, isipokuwa yule msichana.

"Madam, huu unapona."

"Ng'oeni."

Wakang'oa, wakautupa lundo nyuma ya vyoo. Halafu wakaenda kwenye eka yangu, wakavuta mpunga wangu kwa mikono, mashada kwa mashada, ukaletwa na tela la trekta dogo la pawatila ukiwa unaning'iniza mizizi iliyokatika. Mkuu alikuwa tayari na kamba, tai shingoni, buti za mvua miguuni, furaha tupu. Shada la kwanza lilipokuwa linataka kushushwa, yule mtoto akasema tena, safari hii kwa sauti ya kusikika na wote.

"Madam, mpunga wenye mimba hauhamishwi."

Sijui kama ni uchovu, ni hofu ya kesho, au ni kwa sababu alinisahihisha mbele ya mkuu. Damu ilinipanda.

"Wewe ndiye mwalimu hapa?"

"Hapana, madam."

"Basi funga bakuli lako, upande."

Akafunga, akapanda. Wenzake walipanda huku wakicheka chini chini, wakitazamana, na mimi nikadhani ni raha ya kazi. Mpaka jua linaingia, robo eka yote ilikuwa imesimama kwenye mistari iliyonyooka. Mkuu alipiga picha.

Gari jeupe lilifika saa tatu asubuhi likiwa limepakwa tope hadi madirishani. Walishuka wawili: kijana mmoja mwenye kishikwambi, na mama mfupi wa makamo, kilemba kichwani, raba miguuni, ambaye ndiye alikuwa kiongozi. Mama yule hakuwa na maneno mengi. Alisalimia, akatazama mawe meupe, akamtazama kuku mweupe, akaendelea kutembea.

Asubuhi hiyo mpunga ulikuwa umesimama vizuri kabisa. Nilikwenda kuuchungulia mapema na nusura niukumbatie. Mpango wetu ulikuwa wageni waanze shambani, wauone ukiwa na umande. Mkuu akanyoosha mkono kuwaonyesha njia ya karakana.

"Hapana," akasema yule mama. "Tuanze na mafaili."

Mafaili yaliwachukua saa tatu nzima. Na siku hiyo, baada ya wiki ya mvua mfululizo, jua la bonde hili likaamua kutoka lote kwa pamoja. Kufika saa tano nilichungulia dirishani nikaona majani yameanza kujikunja. Nikawatuma wanafunzi wawili na ndoo, wakaunyunyizie maji kwa siri. Walirudi haraka mno.

"Madam, maji yapo mpaka kwenye vifundo. Mpunga ndio hauyataki."

Saa sita na nusu mafaili yakaisha. Nikafikiri: sasa twende, twende haraka, labda tutaukuta bado unahema. Lakini mkuu, ambaye hakuwa na habari ya kinachoendelea nyuma ya karakana, aliamini kwamba hakuna ripoti mbaya inayoweza kuandikwa na mtu aliyeshiba. Akatangaza chakula. Kulikuwa na pilau, kuku, kambale wa kuchoma, matembele, matunda, na mpishi aliyepewa amri ya kuongeza bila kuulizwa. Nikamkanyaga mkuu mguu chini ya meza. Akaelewa nataka aongeze kuku. Nikamkanyaga tena, akaita kwaya ya shule. Waliimba beti zote, na kila ubeti mimi niliusikia mpunga wangu ukilala.

Tulitoka saa nane. Tulipozunguka kona ya karakana, mkuu aliyekuwa mbele alisimama ghafla nikamgonga mgongoni. Mistari ilikuwa imenyooka, hilo hakuna wa kulibishia. Ila mimea yenyewe ilikuwa imelala yote upande mmoja, majani yamejisokota kama uzi, rangi imekuwa ya majivu.

"Mh," akasema mkuu.

Yule mama alivua raba, akakunja sketi, akaingia kwenye jaruba mpaka magotini. Akashika shina moja kwa vidole viwili, likatoka lenyewe. Akaitazama mizizi, akainusa. Baadaye nilisikia kwamba kwao nako ni wakulima wa mpunga. Sisi tulikuwa tumejiandaa kwa mtu wa makaratasi.

Darasa lilikuwa limepangwa kando ya shamba, sare safi. Akamuuliza mvulana wa mbele, mrefu, yule aliyekuwa anacheka zaidi ya wote jana yake: "Mpunga huu mliupanda lini?"

"Mwezi wa kwanza!" akajibu kwa sauti ya mstarini, kama tulivyowafundisha.

Mama akageuka kwa yule msichana. Sijui alimchagulia nini. Labda ni kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa anautazama mpunga badala ya kuwatazama wageni.

"Na wewe? Ulipandwa lini?"

Msichana akanitazama. Najua macho yangu yalisema nini, sina haja ya kujisafisha: yalimwomba adanganye. Na yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza kuliko mtu yeyote pale. Akisema kweli, shule inaanguka, darasa linakwenda Malinyi, na yeye anabaki kuteka maji ya bibi mpaka aolewe. Alilijua hilo kabla yangu.

"Jana," akasema.

"Jana saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

Kwaya nayo ilikuwa imesogea kuja kuona.

"Haya," akasema mama kutoka kwenye tope. "Anayejua kwamba mpunga wenye mimba hauhamishwi, anyooshe mkono."

Mikono yote thelathini na mmoja ikanyooka. Yule mvulana mrefu, naye juu. Mpishi aliyekuwa anapita na sufuria, mkono juu. Mlinzi, juu. Mkuu wa shule akatazama kushoto, akatazama kulia, akanyoosha wake nusu.

"Mlijua wote?"

"Ndiyo!"

"Mbona hamkusema?"

Wakajibu kwa pamoja, bila ubaya wowote, kama wanavyojibu jedwali la kuzidisha: "Madam alisema!"

Nimefundisha miaka mingi, nimetukanwa na wazazi, nimewahi kufukuzwa na nyuki kwenye chumba cha mtihani. Hakuna kitu kilichowahi kuniingia kama maneno yale mawili. Watoto thelathini na mmoja wa bonde la mpunga walikuwa wameona upumbavu mchana kweupe, wakaupanda kwa mikono yao kwenye mistari, kwa sababu mimi nimesema.

Mama akamwomba kijana wake faili la utayari wa kazi. Akafungua kwa vidole vyenye tope.

"Anaweza kumshauri msimamizi wake anapokosea," akasoma. "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mwalimu, hapa una ndiyo thelathini na moja."

"Mmoja alisema," akadokeza yule mvulana mrefu.

"Akaambiwaje?"

Wanafunzi walinionea huruma, na huruma yao ilinichoma zaidi. Nikasema mwenyewe.

"Nilimwambia afunge bakuli lake."

Kijana wa kishikwambi akauliza kama aandike hivyo hivyo. Mama akamwambia, "Hivyo hivyo."

Kisha akauliza, na mpunga wenu wa mwanzo uko wapi. Msichana akaonyesha lundo nyuma ya vyoo. Halafu akaingiza mkono ndani ya sweta akatoa daftari, kurasa zimevimba kwa unyevu. Mama akalipokea, akalisoma palepale alipokuwa amesimama, tope likimfika magotini. Lilikuwa limeandikwa tangu siku ya ng'ombe: mstari upi umeliwa mpaka wapi, shina lipi limeotea siku ya ngapi, lipi limekufa na kwa nini anadhani limekufa. Palipoliwa juu ya kifundo cha shina pameotea. Palipong'olewa hapajaota. Ng'ombe wamepita kona ya mashariki mara mbili. Siku fulani, kwa mwandiko uleule mdogo: "Leo sijapima, nimetumwa maji."

Mama akamuuliza maswali mengi, mengine mimi nisingeweza kuyajibu. Mtoto akajibu kama anayeelezea jinsi ya kufika kwao. Mwishowe akaulizwa, "Nani amekufundisha haya?"

Jamani, mimi ni binadamu. Nilitumaini. Neno moja tu, madam, lingetosha kuniokoa mimi na shule yote. Msichana alinitazama tena, bila chuki.

"Bibi," akasema.

Waliondoka saa kumi. Kuku wa safari aliyefungwa kwenye kikapu walimkataa.

Ripoti ilichukua wiki nyingi. Katika wiki hizo yule mtoto alinisalimia shikamoo kila asubuhi kama kawaida, na mimi kila asubuhi nilitamani ardhi ipasuke. Siku moja nilimwita nikamwomba radhi, kwa maneno mabovu, maana sijazoea. Akasema, "Haya, madam." Halafu akauliza, "Tunahama lini?" Nikamwambia sijui. Nilikwenda nyuma ya karakana nikalia, nikajisonya, nikarudi kufundisha.

Barua ilipofika, mkuu aliisoma amesimama. Tulisemwa kila tulichostahili kusemwa, pamoja na mihutasari ya vikao, kwa sababu kumbe mjumbe niliyemuuguza malaria alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Lakini darasa lilipewa msimu mmoja zaidi, kwa masharti mawili. La kwanza, shule itafute mtu wa jamii anayeijua kazi ya mpunga asimamie shamba, na ikashauriwa kuanza na mlezi wa mwanafunzi mwenye daftari. La pili, mwalimu wa taaluma ashiriki kwa vitendo. Mkuu alilirudia hilo la pili kwa raha isiyo ya Kikristo. "Kwa vitendo, madam."

Bibi nilimkuta shambani kwake, juu ya dungu, anaamia ndege. Mpunga wake ulikuwa umeinamisha masuke. Nilifika nimevua viatu, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, tope likiniingia katikati ya vidole kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu. Mjukuu wake alikuwa chini ya dungu anapika.

"Shikamoo, bibi."

Alivuta ugoro kwanza. Akafuta pua. Akatupa jiwe kwa ndege.

"Marahaba. Mtaala wenu umeshaota?"

Msichana akageuza uso kwenye moshi, mabega yanamtikisika. Nikaeleza shida yangu. Bibi akasema neno la Kindamba ambalo sitaliandika, maana hata padri anaweza kusoma hapa. Nikamwambia asipokubali, darasa litavunjwa na mjukuu wake atatakiwa Malinyi.

"Unanitisha?"

"Nakuomba."

Bibi alishuka, akanielekeza dungu kwa fimbo, akaenda kujilaza kibandani. Niliamia ndege mpaka jua likapoa, napiga kelele na kuvuta kamba ya makopo, mwalimu mzima mwenye shahada. Alipoamka alisimama chini akanitazama.

"Nitakuja," akasema. "Kitabu chenu cha wageni nitatia dole. Ila safari hii uandike vizuri nimekuja kufanya nini."

Mwezi wa kwanza uliofuata alikuja kweli. Nchi kavu anachechemea. Ukimtia kwenye tope, vijana hawampati. Alitia dole, na mbele ya macho yake nikaandika, "Kufundisha," nikamsomea mara mbili kwa sababu aliomba. Kisha nikakunja sketi nikaingia kwenye jaruba pamoja na wote. Mjukuu wake alikuwa mstari wa pili, tope magotini, daftari jipya ndani ya sweta.

Tulikuwa tumefika katikati niliposahau nafsi yangu. Mazoea ni mabaya. Nikaona wanaweka mche mmoja au miwili, nikapaza sauti: "Wekeni mitano mitano, na mzamishe hasa, isije ikaelea!"

Mstari mzima ukasimama. Bibi alikuwa mbele yetu, anatazama miti ya mbali kana kwamba amekuwa kiziwi ghafla. Msichana naye aliinama tu. Aliyesema ni yule mvulana mrefu, miche mkononi.

"Hapana, madam."

Damu ikanipanda, nisidanganye. Mdomo nilishaufungua, na neno la bakuli lilikuwa limekaa palepale kwenye ulimi. Walikuwa wananitazama wote thelathini na mmoja, nao walikuwa wanalingoja.

"Haya," nikasema. "Nionyeshe."

Akanionyesha. Miwili, kina cha kifundo cha kidole, usiikandamize. Mche wangu wa kwanza ukaanguka. Yule msichana akasogea hatua moja pembeni, akanipa nafasi kwenye mstari.